Tezi za Limfu na Kisu cha Daktari: Historia ya Upasuaji wa Saratani ya Umio

Mwaka 1622, nchini Italia, tabibu Gaspare Aselli alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona kwenye utando wa matumbo mishipa myembamba iliyojaa umajimaji mweupe kama maziwa. Mwaka 1651 Mfaransa Jean Pecquet akachapisha habari za mfereji mkuu unaoupokea umajimaji huo tumboni, unaopanda kifuani karibu na umio na kuumwaga katika mishipa ya damu chini ya shingo. Njia kuu ya limfu, kama umajimaji huo unavyoitwa, ikawa imejulikana zaidi ya karne mbili kabla ya daktari kuthubutu kuukata umio wa binadamu. Kikwazo kikubwa kilikuwa kifua chenyewe. Kilipofunguliwa, mapafu yalisinyaa na mgonjwa akakosa pumzi mezani.

Kwa hiyo upasuaji wa umio ulianzia shingoni, mahali ambapo kisu kingeweza kufika bila kugusa mapafu. Theodor Billroth wa Vienna alijaribu kwa mbwa mwaka 1871. Mwaka 1877 Vincenz Czerny, nchini Ujerumani, akaondoa kipande cha umio chenye saratani shingoni mwa mgonjwa aliyepona jeraha. Tezi za limfu, vifundo vidogo vilivyo kwenye njia ya limfu, hazikuwa bado sehemu ya hesabu. Zilikuja kuingizwa na fundisho lililozaliwa kwenye kiungo kingine kabisa: mwaka 1894 William Halsted wa Baltimore alieleza jinsi alivyoondoa titi, misuli ya chini yake na tezi za kwapani kwa pamoja. Msingi wake ulikuwa imani kwamba saratani husafiri kwa mpango, kituo baada ya kituo, kupitia limfu; atakayekata mbele ya msafiri ameushinda ugonjwa. Imani hiyo ilitawala vyumba vya upasuaji kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Umio, hata hivyo, haukukubaliana na mpango huo. Mwaka 1903 mtafiti Sakata alionyesha kwamba limfu ya ukuta wa umio hukimbia kwa urefu, juu na chini, ndani ya tabaka lililo chini ya utando wake, kabla ya kutoka nje. Maana yake ni nzito: uvimbe ulio katikati ya kifua unaweza kupeleka mbegu zake shingoni au tumboni huku ukiziruka tezi zilizo jirani. Ugumu huu haukuondolewa na chombo chochote kilichobuniwa baadaye.

Kifua kilifunguka baada ya madaktari kujifunza kupuliza hewa kwenye mapafu kupitia mrija wa koo la pumzi. Machi 1913, jijini New York, Franz Torek alimwondolea mwanamke wa miaka 67 umio wa kifuani. Mgonjwa huyo alikula kwa miaka mingine 12 na zaidi kupitia mrija wa mpira uliopita nje ya mwili, kutoka shingoni hadi tumboni. Torek hakuwa akisaka tezi. Alikuwa akizuia kifo. Mwaka 1933 Ohsawa wa Kyoto aliunganisha tumbo na umio ndani ya kifua, na mwaka 1946 Ivor Lewis wa London akaeleza njia ya kupitia tumboni kisha kifuani upande wa kulia. Kuanzia hapo daktari aliweza kuziona vizuri tezi za kifuani.

Matokeo yalibaki ya kusikitisha. Mwaka 1980 Earlam na Cunha-Melo walikusanya ripoti 122 zenye wagonjwa zaidi ya 83,000. Walikadiria kwamba katika kila wagonjwa 100 wenye saratani ya seli bapa za umio, 4 tu walikuwa hai baada ya miaka 5. Takwimu hizo zilizaa shule mbili. Ya kwanza, iliyoongozwa na Mark Orringer wa Michigan tangu 1978, iliutoa umio kwa kupitia tumboni na shingoni pasipo kufungua kifua: ugonjwa ukishatambaa kwenye tezi, walisema, hakuna upana wa kisu utakaomwokoa mtu, basi apunguziwe mateso. Ya pili ilitaka kinyume chake. David Skinner wa Chicago mwaka 1983 alitoa umio pamoja na tishu zote zinazouzunguka. Na huko Tokyo, Hiroshi Akiyama alikuwa ameonyesha mwaka 1981 jinsi tezi zenye saratani zilivyotawanyika kutoka juu ya kifua hadi tumboni.

Juu ya kifua na tumbo, Wajapani waliongeza eneo la tatu, yaani shingo. Tezi walizozijali zaidi ni zile zinazofuatana na neva za sauti. Kuzisafisha ni kazi ya subira, na neva ikijeruhiwa mgonjwa hupoteza sauti na hupaliwa kwa urahisi. Mwaka 1994 Akiyama aliripoti kwamba baada ya miaka 5 walikuwa hai asilimia 55 ya waliosafishwa maeneo matatu, dhidi ya 38 kwa maeneo mawili. Wengi waliyasoma matokeo hayo kama hukumu. Mimi naona walifanya haraka. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na Alvan Feinstein alikuwa ameonya tangu 1985: anayetafuta tezi nyingi hukuta nyingi, akawahamishia wagonjwa hatua ya juu zaidi ya ugonjwa, na takwimu za kila hatua zikapendeza pasipo mtu yeyote kuongezewa siku.

Majaribio ya kura yalikuja baadaye. Uholanzi mwaka 2002 iliwalinganisha wagonjwa 220: waliofunguliwa kifua walitolewa tezi nyingi zaidi na kupata matatizo mengi zaidi ya mapafu, na ufuatiliaji wa miaka 5 haukuonyesha tofauti ya maana kwa jumla, ingawa wenye tezi chache zilizoathirika walionekana kunufaika. Mwaka 2012 jaribio la CROSS, la nchi hiyohiyo, lilitanguliza mionzi na dawa kabla ya upasuaji. Nusu ya waliofanyiwa hivyo waliishi zaidi ya miezi 49, dhidi ya 24 kwa upasuaji peke yake. Mwaka 2021 Shanghai iliripoti wagonjwa 400: kuongeza shingo hakukurefusha maisha kuliko kusafisha kifua na tumbo.

Hivyo maeneo mawili ndiyo desturi ya hospitali nyingi kubwa leo, na mara nyingi hufanywa kwa kamera na vifaa vya roboti vipitavyo kwenye matundu madogo. Tezi zilizotolewa huhesabiwa kwa darubini, na tangu uainishaji wa saratani wa 2010 idadi ya zilizoathirika ni mojawapo ya mambo yanayopanga kundi la mgonjwa. Thamani ya kusafisha tezi iliyothibitika zaidi ni ushahidi kuhusu ugonjwa uliobaki. Uponyaji wake ni wa wachache.

Afrika Mashariki, kando ya Bonde la Ufa, saratani ya seli bapa za umio ni miongoni mwa saratani zinazoua wengi, na hospitali kama Tenwek huko Bomet, Kenya, zimejulikana kwa kuweka stenti, mrija unaoshikilia umio wazi, ili mgonjwa aweze kumeza tena. Wengi hufika wakati swali la tezi ngapi zitolewe limeshapitwa. Msomaji, ukianza kukwamwa na ugali au nyama, usisubiri uji nao ukatae kupita. Nenda hospitali uombe kupimwa kwa kamera ya umio.