Kutoka Bulbus hadi Balbu: Safari ya Neno na Uundaji wa Istilahi
Neno la Kilatini bulbus, wingi bulbi, lilikopwa kutoka Kigiriki bolbos, lililotaja hasa tunguu la porini lililoliwa. Katika karne ya 1, Plinius alitumia pia kivumishi bulbosus. Mwaka 1751 Linnaeus alilifafanua bulbus kama istilahi ya botania. Kifaransa kilipata bulbe na Kiingereza bulb, ambalo baadaye lilihamishiwa taa ya umeme kwa kufanana umbo. Maana hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufikia kama balbu. Kwa mmea, Kiswahili kina tunguu, neno linalojitokeza ndani ya kitunguu. Kwa hiyo, kuandika balbu katika vitabu vya kilimo ni kumficha mkulima neno alilonalo tayari.