Kipindi cha Dini na Swali la Pamoja: Hoja kutoka Bagamoyo

Katika shule nyingi za sekondari za serikali, kipindi cha dini kikifika darasa hugawanyika. Waislamu huenda kwa ustadhi, Wakatoliki kwa katekista, Walutheri na Wapentekoste kwa walimu wao. Mpango huu una watetezi wengi, na hoja yao si dhaifu. Ibara ya 3 ya Katiba ya 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na Ibara ya 19 inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo, wanasema, kila dini ifundishe watu wake, na maadili ya wote yaachiwe somo la Historia ya Tanzania na Maadili lililoletwa na mitaala ya 2023. Makala hii inaupinga mgawanyo huo wa kazi. Kipindi cha dini kibaki kama kilivyo. Lakini pembeni yake mwanafunzi apewe nafasi ya kuchunguza masuala ya dini na maadili katika kikundi kimoja na wenzake wa imani nyingine, chini ya mwalimu.

Kwamba vijana hujifunza vyema wakiulizana na kujibizana, wachache watabisha. Matthew Lipman aliianzishia falsafa ya watoto taasisi yake huko Montclair, Marekani, mwaka 1974, na mitaala yetu imekuwa ikihimiza ujenzi wa umahiri kwa miaka mingi. Ubishi uko kwenye dini. Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Warwick anataka mwanafunzi aijue dini ya mwenzake kupitia maisha ya wafuasi wake, badala ya kukariri orodha ya mafundisho. Nakubaliana naye nusu tu. Mbinu yake ilikulia Uingereza, mahali ambapo mtoto anaweza kumaliza shule bila kukanyaga nyumba ya jirani wa dini nyingine. Mtoto wa Dunda au Magomeni hapa Bagamoyo amekula pilau ya Maulidi na ya Krismasi, na amekaa matanga na majirani wa pande zote. Jirani anamjua. Anachokosa ni mahali pa kumuuliza swali gumu bila kuvunja adabu, na hilo maelezo ya mila na sikukuu hayampi.

Tuutazame mji wenyewe. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Padre Antoine Horner na wenzake walikuwa wakiwanunua watumwa, wengi wao watoto, ili kuwakomboa. Waliokombolewa walifundishwa, wakabatizwa, wakaozeshwa, wakapewa makazi katika kijiji cha misheni. Huko kazi na sala viliendeshwa kwa kanuni za mapadre. Paul Kollman, katika kitabu chake cha 2005, ameonyesha kwa kutumia maandishi ya wamisionari wenyewe kwamba si wote walioridhika, na kwamba wako waliotoroka. Karibu na hapo, katika mitaa ya mji, mtoto aliyeletwa kutoka Manyema aliishi kama mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki. Huyo ndiye Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alisoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa viongozi wakubwa wa Kiislamu katika pwani hii. August Nimtz (1980) anaifuata habari hiyo mpaka kwa mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, na uhusiano wake na TANU.

Sasa wape wanafunzi watano, Waislamu na Wakristo, habari hizi mbili na swali moja: je, ni haki kumnunua mtu ili umwachie huru? Mkristo ataanza kwa kuisifu misheni, kisha atakutana na waliotoroka, na itambidi aulize kama mtu aliyewekewa mahali pa kuishi na dini ya kufuata alikuwa huru kweli. Mwislamu atakumbusha kwamba Kurani inahesabu kumwacha mtumwa huru kuwa jambo la thawabu. Halafu itambidi aeleze kwa nini waungwana wa mji waliolijua fundisho hilo waliendelea kumiliki watu. Wote wawili watakwama kwa Sheikh Ramiya, mtumwa aliyepanda kwa dini ya bwana wake mpaka wana wa waungwana wakamfuata. Hakuna anayeweza kushinda kwa kusoma kitabu cha mwenzake. Kila dini imekaa kizimbani na papo hapo inatoa ushahidi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mbinu yote inaposimama au kuanguka: swali lichaguliwe ambalo kila upande unadaiwa jibu.

Wapinzani watanikumbusha mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, ambapo wahubiri wa pande mbili walichambua vitabu vya wenzao hadharani, na chuki ikafuata. Ni kweli. Lakini mihadhara iliuliza kitabu cha nani ni cha kweli, mbele ya umati uliokuja na jibu lake. Na tuikumbuke Mbagala, Oktoba 2012. Iliripotiwa kwamba watoto wawili walibishana kuhusu utakatifu wa Kurani na litakalompata anayeidhalilisha. Mmoja akaikojolea, na siku chache baadaye makanisa yakashambuliwa na kuchomwa moto. Ubishi ule haukuzaliwa darasani. Watoto wanaulizana maswali ya dini kila siku, njiani na uwanjani, pasipo mtu mzima wa kuwaambia kwamba swali linaweza kuulizwa kwa heshima. Anayeogopa kulileta swali shuleni aseme ni wapi pengine anataka liulizwe.

Msongamano wa madarasa ni tatizo la kila somo, na halijawahi kuwa sababu ya kufuta hisabati. Uwezo wa walimu ni jambo zito zaidi: mwalimu mwenye imani yake atahitaji mafunzo ya kusimamia swali asilolijibu yeye. Hata hivyo somo la Historia ya Tanzania na Maadili lina faida ambayo masomo mengi ya sekondari hayana: linafundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo kijana wa pwani hubishana nayo kwa ufasaha wake wote. Likibaki kuwa orodha ya uzalendo, uadilifu na uwajibikaji ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani, litakuwa limeipoteza faida hiyo. Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya alama zake itokane na uchunguzi wa kikundi mchanganyiko kuhusu jambo moja la mji wa shule husika. Bagamoyo ina misheni na zawiya ya tarika, Pangani ina vita vya Bushiri vya 1888–1889. Kwa shule za bara ambako imani moja imetawala kijiji kizima sina hakika kama mbinu hii itafaa bila marekebisho. Kwa pwani hii, toka Kunduchi hadi Tanga, sioni kwa nini isianze muhula ujao.