Kumtafuta Babu Aliyekuwa Soda: Daftari, Masimulizi na Kaburi

Katika jamaa nyingi za Kivu, Maniema na Katanga husikika usemi mmoja: babu alikwenda vita vya Tabora. Pengine usemi huo ndio urithi wote uliobaki. Mwaka hautajwi, kaburi halijulikani, na vitukuu hawana hakika kama mzee alifia njiani au alirudi akajenga karibu na kambi. Makala haya yanaonyesha jinsi maisha ya soda wa Force Publique yanavyoweza kufuatwa, na kwa nini safari hiyo mara nyingi hukoma kabla ya kufika kaburini.

Jambo la kwanza ni asili yake. Serikali ya kikoloni ilidai vijana kwa machifu, nao kwa kawaida walitumikia miaka 7. Baada ya uasi wa askari wa Luluabourg mwaka 1895, wakubwa wa jeshi waliazimia kuchanganya makabila katika kila kikosi. Kwa hiyo mzaliwa wa Kasai aliweza kutumikia pwani ya ziwa Tanganyika, akaoa huko, na akazikwa na watu wasioujua ukoo wake. Kuuliza kijijini kwao tu hakutoshi. Yafaa kuuliza pia katika vijiji vilivyozuka kandokando ya kambi za kale.

Jambo la pili ni jina. Daftari la jeshi lilimtambua askari kwa namba, kisha kwa jina na mahali alikotoka. Lakini karani Mzungu aliandika kama alivyosikia. Sauti ya u iligeuka ou kwa mwenye Kifaransa na oe kwa mwenye Kiflamandi, na l ikachukuliwa kuwa r. Mulumba mmoja aweza kujificha chini ya Moulumba, Moeloemba au Murumba. Hata medali iliyohifadhiwa sandukuni haisaidii sana, kwa maana medali za Kibelgiji kwa kawaida hazikuchongwa jina la mwenyewe.

Jambo la tatu ni njia ya vita. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Jenerali Charles Tombeur yaliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa mikondo miwili. Kanali Molitor alipitia kaskazini, na Kigali ikatwaliwa tarehe 6 Mei. Kanali Olsen alipitia kusini. Usumbura ilitwaliwa tarehe 6 Juni na Kigoma tarehe 28 Julai. Mikondo yote miwili ilielekea Tabora, iliyotwaliwa tarehe 19 Septemba 1916. Hapo masimulizi ya nyumbani hupata thamani ya hati. Jamaa wakikumbuka kwamba mzee alivuka Rusizi, mtafiti ataanza na vikosi vya Olsen. Wakitaja milima ya Rwanda na Kigali, ataanza na vile vya Molitor.

Lakini kaburi ni jambo jingine. Wengi waliuawa na kuhara damu na maradhi ya mapafu kuliko risasi, wakazikwa kando ya njia wakati safu ikiendelea mbele. Wapagazi, wanaokadiriwa kupita 200,000, walikuwa na bahati mbaya zaidi: wengi wao hawakuwa hata na namba ya jeshi. Kwa upande mwingine, Tombeur alipewa ubaroni wa Tabora na kuwekewa mnara Saint-Gilles, na Brussels ina barabara iitwayo Tabora. Mji uliotekwa ulipata kuandikwa katika jiwe. Aliyebeba risasi na unga hadi mji huo hakuandikwa popote.

Ndiyo sababu jamaa nyingi zilifanya kilio bila maiti, na kilio cha namna hiyo hakiishi sawasawa. Anayemtafuta babu aghalabu hatapata mahali pa kuweka jiwe. Atakachopata ni jina, kikosi, njia na mwaka. Navyo vyatosha kumwondoa marehemu katika hesabu ya wasio na jina. Kazi hiyo inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kama inavyowahusu wanahistoria, maana nusu ya ushahidi imo katika matamshi. Jina la mzee liandikwe kwanza kama linavyotamkwa na watu wa nyumbani kwake. Namna alivyoliandika karani ifuate baadaye.