Ufilipino: Namna ya kuchagua kisiwa kisicho na msongamano msimu wa joto

WAHENGA walinena kuwa kizuri chajiuza. Nchini Ufilipino, kisiwa cha Boracay kilijiuza hadi kikaelemewa. Mnamo Aprili 26, 2018, serikali ya Rais Rodrigo Duterte ilikifunga kwa watalii kwa muda wa miezi sita, baada ya kubainika kuwa majitaka yalikuwa yakitiririshwa moja kwa moja baharini na kwamba baadhi ya majengo yalikuwa yamesimamishwa katika maeneo ya vinamasi.

Kisiwa hicho chenye ukubwa wa takriban kilomita 10 mraba kilikuwa kimepokea wageni zaidi ya milioni 2 mwaka wa 2017. Kilipofunguliwa Oktoba 26, 2018, kikomo kiliwekwa: watalii wasiozidi 19,215 kwa wakati mmoja, na wanaowasili wasiozidi 6,405 kwa siku. Hata hivyo, katika Wiki Takatifu ya Aprili 2022 kikomo hicho kilipitwa.

Ufilipino ina visiwa zaidi ya 7,600, kwa hivyo mgeni halazimiki kubanana na wenzake katika vichache vinavyotajika. Linalohitajika ni kuchagua kwa busara, na uchaguzi huo huanzia kwenye kalenda.

Wakati wa kusafiri

Msimu wa joto na ukavu huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Kilele chake ni Wiki Takatifu. Kwa kuwa Wafilipino walio wengi ni Wakatoliki, ofisi hufungwa Alhamisi na Ijumaa Kuu, nao wakazi wa Manila humiminika mikoani na kwenye fuo. Aidha, Aprili na Mei ni miezi ya likizo ndefu ya shule, mpangilio uliovurugwa na janga la corona mwaka wa 2020 na kurejeshwa kikamilifu 2025.

Msafiri anayeweza kuahirisha safari yake hadi baada ya Pasaka, kisha akavuka katikati ya juma, hupata nafasi kubwa zaidi hata katika visiwa mashuhuri. Anayengoja hadi Juni hukuta wageni wachache, lakini hukuta pia mvua, na hatari ya tufani huongezeka.

Visiwa vya kufikiriwa

Camiguin, kisiwa cha volkano kilicho kaskazini mwa Mindanao, hufikiwa kwa feri kutoka bandari ya Balingoan. Humo mna chemchemi za maji moto, maporomoko ya maji na mlima Hibok-Hibok, ambao ulilipuka Desemba 1951 na kuwaua mamia ya watu. Msalaba mkubwa uliosimamishwa baharini huonyesha mahali palipozama makaburi ya mji wa zamani kufuatia mlipuko mwingine wa volkano katika karne ya 19.

Batanes, mkoa wa mwisho upande wa kaskazini, ndio wenye wakazi wachache zaidi nchini humo. Ni visiwa vyake vitatu pekee vinavyokaliwa na watu: Batan, Sabtang na Itbayat. Wenyeji wake, Waivatan, wanasifika kwa nyumba za mawe zenye kuta nene na mapaa ya nyasi, zilizojengwa kustahimili tufani. Wageni wengi hufika kwa ndege hadi mji wa Basco, na hali mbaya ya hewa huweza kuwakwamisha. Anayekwenda huko hana budi kuweka akiba ya siku moja au mbili.

Apo, kisiwa kidogo karibu na Negros, kina hifadhi ya bahari ambayo wavuvi wenyewe walianza kuisimamia miaka ya 1980 kwa ushauri wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Silliman. Kasa na matumbawe ndio kivutio chake kikuu.

Funzo la Siquijor

Siquijor, kisiwa kinachojulikana kwa waganga wake wa mitishamba, kilikuwa kwa muda mrefu kimbilio la waliochoshwa na Boracay. Sifa zake zikaenea, na wageni wakaongezeka. Mnamo Juni 2025 mkoa huo ulitangaza hali ya janga kutokana na umeme kukatika kwa saa nyingi kila siku. Mitambo ilikuwa imeharibika, na wenyeji na wenye hoteli wakaumia pamoja.

Ni bayana basi kwamba kisiwa kitulivu huweza kuelemewa haraka kuliko kile kikubwa, kwa kuwa maji, umeme na mahali pa kutupia taka ni haba. Kabla ya kulipia chumba, yafaa msafiri aulize maji yanatoka wapi, taka hupelekwa wapi na iwapo idadi ya wageni ina kikomo. Penye kikomo, kibali kiombwe mapema.

Usalama majini

Safari nyingi kati ya visiwa vidogo hufanywa kwa mashua zenye mbao za kuzitegemeza pande mbili, mfano wa ngalawa za pwani ya Afrika Mashariki. Walinzi wa pwani wanapozuia vyombo kuondoka, amri hiyo iheshimiwe. Usiku wa Desemba 20, 1987, meli ya Doña Paz, iliyokuwa imesheheni abiria kupita kiasi, iligongana na meli ya mafuta na kuteketea. Zaidi ya watu 4,000 walifariki.

Kwa hivyo, chombo kilichojaa kupita kiasi hakipaswi kupandwa, hata kama ndicho cha mwisho siku hiyo. Anayechagua kisiwa cha mbali anachagua pia kungoja, na yampasa kupanga muda na fedha zake akilijua hilo.