Ng'ombe Hawahitaji Saini

Kishapu ni wilaya ya ng'ombe, pamba na almasi. Mpangilio huo ndio wa kihistoria. Ng'ombe walikuwapo zamani, pamba ikashamiri wakati wa ukoloni, kisha mwaka 1940 mwanajiolojia Mkanada, John Williamson, akagundua almasi Mwadui. Nauanza hapo kwa sababu swali la nani aamue pale mtu anapopoteza uwezo wa kuamua halikuwa na jibu lile lile kwa kila aina ya mali.

Kwa ng'ombe jibu lilikuwa jepesi. Mzee akirukwa na akili, au uzee ukimsahaulisha hata majina ya wanawe, kaya haikusimama. Wana walilijua zizi, banamhala walikaa, na ng'ombe wa kumtibu mzee akauzwa. (Leo kuna kibali cha kusafirisha mifugo, lakini anayekiomba si lazima awe mzee mwenyewe.) Mshahara wa mgodini ukabadilisha mambo. Fedha iliyo benki inamtambua mtu mmoja tu, mwenye saini. Fedha iliyo kwenye simu ni kali zaidi, maana namba ya siri ikishasahaulika na mwenyewe, hakuna kikao cha ukoo kinachoweza kuikumbuka.

Hapo ndipo familia hukimbilia mahakamani, na mahakamani hukutana na Uingereza. Sheria zetu bado zinaitaja tarehe 22 Julai 1920, siku ambayo sheria ya kimila ya Kiingereza ilipokelewa Tanganyika kama ilivyokuwa. Ndani yake mlikuwa na wazo la karne nyingi kwamba ardhi ya mtu aliyepungukiwa akili ilindwe na mfalme. Ajabu ni kwamba serikali ya kikoloni ilishughulika zaidi na kumfungia mgonjwa kuliko kulinda mali yake. Wajerumani walikuwa na Lutindi, kwenye milima ya Usambara, kituo kilichoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani kisha kikageuzwa makazi ya wagonjwa wa akili. Waingereza wakajenga hospitali Dodoma mwaka 1927, ile tunayoiita Mirembe. Mwaka uliofuata reli ikafika Mwanza ikipitia Shinyanga. Usukuma ukawa umeunganishwa na Dodoma kwa treni, lakini nani abaki akiamua mambo ya aliyepandishwa treni hiyo, hilo liliachwa kwa ukoo.

Kuna mtego ambao vijana wengi wasomi hawaujui. Ukidhani umejiwahi kwa kumwandikisha baba hati ya uwakilishi angali mzima, kumbuka Sheria yetu ya Mikataba ilifuata ile ya India ya mwaka 1872: uwakala hukoma mwenye mali anapofariki au anapopoteza akili timamu. Hati inakufa siku ile ile inapohitajika. Uingereza yenyewe ililiona tatizo hilo ikalirekebisha mwaka 1985. Sisi tulibaki na toleo la zamani.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 iliifuta ile ya kikoloni. Ndugu anaweza kuiomba mahakama ichunguze hali ya mgonjwa, kisha iteue wa kumtunza na wa kusimamia mali yake. Kwa mtu wa Kishapu, hiyo mara nyingi ni safari ya Shinyanga mjini, na ripoti ya daktari, hati ya kiapo na wakili mkononi. Kama jambo haliwezi kusubiri, mwombaji huambatanisha hati ya dharura na kuomba amri ya muda. Linganisha na aliyefariki: muhtasari wa kikao cha ukoo na Mahakama ya Mwanzo ya jirani hutosha kumpata msimamizi wa mirathi. Kwa maneno mengine, ni rahisi kumsimamia baba akiwa kaburini kuliko akiwa kitandani.

Kwa nini basi tusiuachie ukoo, kama kwa ng'ombe? Kwa sababu Shinyanga hiyo hiyo imetupa kesi ya wajane wawili wa Kisukuma waliofukuzwa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hiyo inabagua, lakini ikakataa kuibatilisha. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilisema Tanzania ilikiuka haki zao. Ukoo unaoamua kwa ajili ya asiyejiweza ndio ule ule. Mke wa mgonjwa anaweza kuwa ndiye anayemlisha na kumwogesha, na bado asihesabiwe kikaoni.

Na mgonjwa mwenyewe? Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 12 inataka mtu asaidiwe kuamua badala ya kuamuliwa tu. Hakimu anayeletewa maombi ya dharura kutoka Mhunze anasoma kiapo cha mwana, ripoti ya daktari na muhtasari wenye saini za wajomba na baba wadogo. Neno la mzee mwenyewe, hata lile la asubuhi ambapo akili huwa imetulia kidogo, kwa kawaida halimo kwenye jalada.