Kuchomelea bomba: kwa nini joto hukokotolewa kwanza kwenye kompyuta

Mshono wa kuunganisha mabomba mawili ya chuma hauishii ukingoni kama ule wa bati bapa. Unazunguka na kurudi pale ulipoanzia, na mara nyingi hukuta chuma bado kina moto. Hapo hesabu za bati bapa hukwama.

Hesabu hizo ni za Daniel Rosenthal, aliyezichapisha miaka ya 1930 na 1940. Alichukulia kwamba joto linatoka kwenye nukta moja inayotembea kwa mwendo usiobadilika. Kwa makadirio ya haraka zinafaa hadi leo. Tatizo ni kwamba nukta haina upana, hivyo pale penyewe hesabu hutoa joto lisilo na kikomo, ilhali chuma huyeyuka kwenye takriban nyuzi 1,500 za Selsiasi. Mwaka 1984, John Goldak na wenzake nchini Kanada walipendekeza joto lisambazwe katika umbo la yai, fupi mbele na refu nyuma. Umbo hilo bado linatumika sana.

Kompyuta huligawa bomba katika maelfu ya vipande, vidogo zaidi karibu na mshono. "Yai" la moto husogezwa hatua kwa hatua, na kila hatua lazima ligeuzwe kufuata mviringo. Likisahauliwa lielekee upande mmoja, litaishia kupasha hewa! Sifa za chuma nazo hubadilika njiani: chuma cha kaboni kikifika nyuzi 800, uwezo wake wa kupitisha joto huwa umeshuka hadi karibu nusu.

Yote haya ni ya nini? Chuma kikipoa haraka mno kati ya nyuzi 800 na 500, kinaweza kuwa kigumu na chepesi kupasuka. Isitoshe, mshono husinyaa ukipoa, ukalibana bomba kama mkanda kiunoni. Bomba la ukuta mwembamba hubonyea ndani kidogo, na uso wake wa ndani hubaki umevutwa. Miaka ya 1970, mabomba ya chuma kisichoshika kutu katika baadhi ya vinu vya nyuklia vya Marekani yalipata nyufa kando ya mishono. Mvuto huo ulikuwa sababu mojawapo, pamoja na maji yenye oksijeni na chuma kilichodhoofishwa na joto la kuchomelea.

Hata hivyo, programu haijui yenyewe ni kiasi gani cha joto la cheche kinachoingia kwenye chuma na kiasi gani kinapotea hewani. Kwa hiyo wahandisi hubandika vipimajoto kwenye bomba halisi, fundi akachomelea, kisha namba za kompyuta hurekebishwa hadi zilingane na vipimo.