Kigugumizi Shuleni

Kigugumizi ni kukatika kwa usemi bila msemaji kutaka: silabi hurudiwa, sauti huvutwa, au neno hukwama kabla ya kutoka. Kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5. Watoto wapatao 5 katika kila 100 hukipitia na wengi kikawaacha, hivyo ukubwani hubaki kwa takriban mtu 1 katika 100, wanaume wakiwa wengi zaidi. Shuleni, kinachomuumiza mwanafunzi zaidi ni kipimo. Majaribio ya stadi za kusoma yaliyotumika Tanzania na Kenya huhesabu maneno ambayo mtoto husoma kwa sauti, bila kukosea, ndani ya dakika 1. Aliyelitambua neno “barabara” papo hapo, midomo ikagoma kwenye “b”, anaweza kuonekana sawa na asiyelijua kabisa. Ilhali mtoto huyohuyo akisoma kwa pamoja na wenzake, au akiimba, aghalabu maneno hutiririka. Kusoma anajua, saa ya mwalimu imepima kitu kingine.

Wapo wanaosema ni woga tu, akikemewa atazoea. Mwaka 1939, katika kituo cha yatima huko Iowa, Marekani, watafiti waliwakosoa watoto waliosema vizuri, wakiwaambia kuwa wana kigugumizi. Watoto hao hawakugeuka kuwa na kigugumizi. Baadhi yao walinyamaza na kuogopa kusema. Tangu 2010 zimetambuliwa pia jeni zinazohusishwa na hali hii. Basi kukemea hakuondoi kigugumizi, huondoa sauti.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumsamehe mtoto asisome mbele ya darasa ni kumdekeza. Lina ukweli, kwani kujificha hugeuka mazoea: mwanafunzi hubadili neno gumu kwa jepesi, au hujibu “sijui” swali analolijua. (Jina lake mwenyewe halina mbadala, ndiyo maana kujitambulisha mbele ya watu humwia kazi.) Lakini kutomsamehe hakulazimu kumwekea saa. Aitwe mapema badala ya kuachwa akihesabu sentensi hadi zamu yake ifike, maana kungoja huongeza hofu, asome sambamba na mwenzake, asimaliziwe neno. Na katika mtihani wa mdomo, alama za usahihi zitenganishwe na za kasi, ili mwalimu ajue ni lipi hasa la kufundisha.